Baiskeli imfuate mchezaji, si mchezaji aifuate baiskeli

Hakuna kocha wa Ligi Kuu anayeweza kumpanga winga mwenye mguu namba 38 akiwa amevaa viatu namba 44. Awe na kasi ya namna gani, mpira wa kwanza atajikwaa, wa pili kiatu kitabaki kwenye nyasi, na kufikia dakika ya 20 jukwaa zima litataka atolewe. Halafu shabiki mwenye akili atauliza swali moja tu: nani kampa viatu vile?

Kwenye baiskeli swali hilo haliulizwi. Binti mwenye urefu wa sentimita 150 anapewa baiskeli iliyotengenezwa kwa mwanaume wa sentimita 175, anaambiwa akimbize wenzake, anaachwa, kisha watu wanatikisa vichwa: "Huyu hana kipaji." Imeisha hiyo. Kipaji kimezikwa na hakuna aliyepima hata urefu wa mguu wake.

Jambo hili linahusu nchi nzima, lakini mahali pazuri pa kulitazamia ni Bashay, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Kuna sababu.

Mbulu na Hanang ni nchi ya pumzi. Hapa ndipo alipotoka John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa na goti lililofungwa bandeji, wakati washindi walishapokea medali zao. Karatu, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, ndiyo iliyomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Hanang ikamtoa Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, kisha bingwa wa mita 10,000 mwaka 1982.

Watoto wa ukanda huu wanakulia juu, kwenye hewa nyepesi, na vilima haviwaulizi kama wamechoka. Ukitoka huko kushuka bonde la ufa unakutana na Mlima Magara, ambao dereva wa lori akiupanda anashika usukani kwa mikono miwili na kunyamaza. Wenzetu wa Ulaya wanalipa pesa nyingi kwenda kuweka kambi kwenye milima ya namna hiyo. Mtoto wa Bashay ameikuta.

Sasa ukichukua mapafu hayo, miguu hiyo na mwili mwepesi, ukaviweka juu ya baiskeli ya barabarani, unapata nini? Jibu sahihi lingekuwa mpanda milima wa kuogopwa. Jibu la sasa ni kwamba hakuna anayejua, kwa sababu baiskeli zinazofika huko hazimtoshi mtu mfupi.

Baiskeli ambayo kila kijiji inaijua ni ile ndefu ya chuma yenye matairi ya inchi 28. Ni baiskeli ya kazi, haina mpinzani kwenye kubeba gunia la mahindi, na imesomesha watoto wengi. Lakini bomba lake la juu linamfika mtoto kifuani. Ndiyo maana kila aliyekulia kijijini anakumbuka ule mtindo wa kupitisha mguu chini ya bomba na kunyonga baiskeli ikiwa imelala upande. Ni ubunifu mzuri wa kwenda dukani. Kushindana nao haiwezekani.

Kuna hesabu nyingine ya uzito. Baiskeli ya chuma ya kilo 18 ikipandwa na mtu wa kilo 75 ni kama robo ya mwili wake. Ikipandwa na binti wa kilo 45, ni asilimia 40 ya mwili wake. Wote wawili wakianza kupanda Magara, mmoja amebeba mzigo na mwingine amebeba jiwe.

UFUPI SI UGONJWA

Mpira umeshamaliza ubishi huu zamani. Diego Maradona alikuwa na sentimita 165. Lionel Messi ana sentimita 170. Tena mpira wenyewe uliamua kumfuata mtoto: wadogo kabisa wanapewa mpira namba 3, wanaofuata namba 4, na wakubwa namba 5. Akademi zinazojielewa zinapunguza uwanja, zinapunguza hata goli, kwa sababu kumweka kipa wa miaka tisa kwenye goli la upana wa mita 7.32 ni kumwonea.

Baiskeli nayo ina mashahidi wake. Mfaransa Samuel Dumoulin, mwenye sentimita 159, alishinda hatua ya tatu ya Tour de France mwaka 2008. Nairo Quintana wa Colombia ana sentimita 167. Alikulia kwenye milima ya Boyacá, familia ya kawaida ya kijijini, akipanda mlima kwa baiskeli kurudi kutoka shule. Mwaka 2014 akabeba Giro d'Italia, mwaka 2016 akabeba Vuelta a España. Ukisoma habari zake bila kutaja nchi, mtu wa Mbulu angeweza kudhani anasimuliwa kijana wa jirani.

Tofauti ni kwamba watu hao walipofika kwenye ushindani wa kweli walikaa juu ya baiskeli inayowatosha.

Ugomvi huu si wa Afrika peke yake. Miaka ya 1980 nchini Marekani, mhandisi wa mitambo aitwaye Georgena Terry aligundua kwamba wanawake wengi walikuwa wanaumia shingo, mabega na mgongo kwa sababu baiskeli za dukani zilikuwa ndefu kuliko wao. Hakungoja kiwanda. Akaanza kuunganisha fremu mwenyewe kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, na mwaka 1985 akaanzisha kampuni. Baiskeli zake za wafupi zikajulikana kwa gurudumu dogo mbele na kubwa nyuma. Watu walicheka kwanza, halafu wakanunua.

Kilichomfanya afikirie gurudumu ni kitu ambacho mafundi wengi hawakitazami. Baiskeli nyingi za mashindano zinatumia gurudumu kubwa ambalo rimu yake ina milimita 622. Ukilibakiza hilo kisha ukafupisha fremu tu, unakuta tairi la mbele limesogea karibu na miguu. Mwendeshaji akikata kona taratibu, ncha ya kiatu inagonga tairi. Anaanguka. Ili kukwepa hilo, viwanda vinaurefusha mwili wa baiskeli, na yule mfupi anajikuta amelala mbele kama anaufikia mlango wa mbali. Ndiyo kusema, fremu inaitwa ndogo kwa jina, lakini urefu wake wa mbele ni wa mtu mkubwa.

KUPIMA KABLA YA KUCHOMELEA

Sasa baiskeli ya mtu mfupi inajengwaje? Si uchawi, na si lazima iwe ya kaboni ya bei ya gari. Inaanza na futi kamba na ukuta.

Mwendeshaji anasimama pekupeku, mgongo ukutani, kitabu kikiwa kimebanwa katikati ya mapaja. Kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni ndiyo urefu wa mguu kwa ndani. Kipimo hicho kinazidishwa kwa 0.883, kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyebeba Tour de France mara tatu. Binti mwenye mguu wa sentimita 68 anapata 60. Hiyo ndiyo nafasi kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti. Kutoka hapo fundi anajua bomba la juu lishuke hadi wapi ili mwendeshaji akisimama chini asigongwe, na fremu iwe fupi kiasi gani ili viwiko vyake vibaki vimekunjwa kidogo anaposhika usukani.

Kinachofuata ni krenki, ule mkono wa chuma unaoshika pedali. Baiskeli nyingi zinakuja na krenki ya milimita 170. Tadej Pogačar, bingwa wa dunia, ana sentimita 176 na anatumia krenki ya milimita 165. Kama mwanaume wa urefu huo, mwenye mafundi wote duniani, ameona 165 inamtosha, kwa nini binti wa sentimita 150 abebeshwe 170?

Tofauti ya milimita 15 inaonekana ndogo mezani. Kwenye goti si ndogo. Krenki ikiwa ndefu kwa milimita 15, siti inabidi ishushwe kwa milimita 15 ili mguu ufike chini, na pedali ikifika juu inakuwa imepanda milimita 15 nyingine. Jumla goti linakosa sentimita tatu za nafasi, kila mzunguko, mara maelfu kwa saa moja. Halafu akilalamika goti anaambiwa mvivu.

Usukani nao. Wa mwanaume una sentimita 42 au 44 kwa upana. Mabega madogo yanahitaji 36 hadi 38. Mikono ya breki iwe inafikiwa na vidole vifupi, maana kushuka Magara ukiwa unaishika breki kwa ncha za vidole si ujasiri, ni kucheza na maisha.

Hata wakubwa wa mchezo huu hukosea hapo. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilipotangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia Januari 2026 usukani wa mashindano ya barabarani usipungue sentimita 40 kutoka ukingo hadi ukingo, waendeshaji wafupi, hasa wanawake, walipiga kelele kwamba kanuni imeandikwa kwa kutazama miili ya wanaume. UCI ikalazimika kulegeza baadhi ya vipimo. Funzo ni kwamba anayenyamaza hupimwa kwa mwili wa mwenzake.

Kisha magurudumu. Mtindo wa Terry wa dogo mbele na kubwa nyuma hauruhusiwi kwenye mashindano ya UCI, kwa sababu kanuni inataka magurudumu yote mawili yalingane. Lakini kanuni hiyo hiyo inaruhusu gurudumu lenye kipenyo cha kuanzia sentimita 55 hadi 70, tairi likiwemo. Na hapa ndipo kuna habari njema kwa fundi wa Mbulu, Dongobesh au Haydom.

Gurudumu la inchi 26, lile la baiskeli za milimani, lina rimu ya milimita 559. Ukiweka tairi jembamba lisilo na meno, kipenyo chake kinakuwa kama sentimita 63. Limo ndani ya kanuni. Tena rimu, spoku, tyubu na tairi lake ni vitu vya duka la kawaida, havihitaji kuagizwa ng'ambo. Likiwekwa mbele na nyuma, miguu haigongi tairi, fremu inafupika kwelikweli, na baiskeli inapungua uzito.

Kuna atakayesema gurudumu dogo lina mwendo mdogo. Ni kweli nusu. Tairi kubwa la mashindano likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.13, hili la inchi 26 linakwenda kama mita mbili. Basi anayetumia diski ya mbele ya meno 50 awekewe ya meno 53, hesabu inasawazika. Na kwenye kupanda mlima, gia nyepesi ni zawadi.

Inabaki fremu. Mabomba ya chuma ya baiskeli ni membamba, na mashine ya kuchomelea mageti ikiyagusa inayatoboa au kuyadhoofisha. Njia salama ni gesi na fimbo ya brasi, ile shaba ya njano, ambayo inayeyuka kwenye joto la nyuzi 900 hivi wakati chuma chenyewe kinahitaji kama 1,500. Bomba linaunganishwa bila kuyeyuka. Mafundi wengi wa mitaani wanaijua njia hiyo, wameitumia miaka yote kurudishia fremu zilizokatika. Wanaujua hata ule mtihani wa uzi: uzi unafungwa nyuma kulia, unazungushwa mbele ya fremu, unarudi nyuma kushoto, kisha inapimwa kama pande zote mbili ziko sawa. Fremu iliyopinda inajulikana hapo hapo.

Wanachokosa mafundi hao si mikono. Wanakosa mchoro, mabomba mazuri na mtu wa kuwaambia kwamba kazi hii ina soko.

NANI AFANYE NINI

Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, kianze na jambo lisilo na gharama: kupima. Kila klabu, kila mkoa, iwe na daftari la urefu wa waendeshaji wake, urefu wa mguu na upana wa mabega. Baiskeli isigawiwe kwa majina, igawiwe kwa vipimo. Timu ya mpira ikiagiza jezi inaandika S, M, L na XL. Kwani baiskeli ni dhambi?

Wafadhili nao wabadilike. Kampuni ikileta baiskeli 20 za saizi moja, picha inapendeza gazetini, lakini nusu yake inaishia kwa watu wasiolengwa, kwa sababu waliolengwa hawazifikii. Kabla ya hundi kuandikwa, mfadhili aulize swali la kitoto: hao watakaopanda wana urefu gani?

Upande wa ufundi, majirani wa Mbulu wana taasisi. Arusha kuna CAMARTEC, ambayo kazi yake ni kubuni zana za vijijini. Kuna Chuo cha Ufundi Arusha. Kuna VETA na SIDO. Mradi mmoja wa fremu kumi ndogo za chuma, zilizochorwa kwa vipimo vya watoto halisi wa Mbulu na Hanang, usingemshinda yeyote kati yao. Baada ya hapo mchoro uachwe kwa mafundi wa wilaya. Fremu zijaribiwe kwa mzigo na zikaguliwe nyufa kabla ya mtoto kushushwa nazo mlimani. Hapo pasiwe na njia ya mkato.

Kuna hoja ya "atakua tu, mpe kubwa." Mzazi anayenunua sare ya shule ya kukulia anaokoa pesa, sawa. Lakini sare haiharibu goti. Mtoto anayefundishwa kwenye baiskeli kubwa anajifunza kukaa vibaya, anaogopa kona, anaogopa mteremko. Akishakua, mwili umerefuka na woga umebaki.

Na kuna hoja ya umaskini, kwamba kutengenezewa baiskeli ya vipimo vyako ni anasa ya Wazungu. Kenya inajibu. Kule Kikuyu, David Kinjah amewalea vijana kwa miaka mingi kwenye karakana ya kawaida, wakijifunza kuendesha na kutengeneza baiskeli wenyewe kwa vipuri vinavyopatikana. Mmoja wa watoto waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, aliyekuja kubeba Tour de France mara nne. Haikuanza kwa pesa. Ilianza kwa mtu mzima kumtazama mtoto na baiskeli kwa pamoja.

Rwanda nayo imejibu. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Dunia nzima ilipanda vilima vya jirani yetu. Mwaka 2026 Dakar inaandaa Michezo ya Olimpiki ya Vijana, na mbio za baiskeli za barabarani zimo. Mlango uko wazi na uko karibu. Anayesubiri kualikwa atasubiri sana.

Manyara ilishaonja raha ya kuwa kwenye ramani ya mpira, Fountain Gate ilipoleta Ligi Kuu Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati. Vumbi, kelele, bodaboda, biashara ya mama lishe, kila mtu alipata chake. Hakuna sababu mkoa huo huo usijulikane pia kwa waendesha baiskeli. Uwanja wao umeshajengwa na Mungu, unaitwa mlima. Hauhitaji taa wala nyasi bandia.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Binti wa Bashay ana ubawa wake: mapafu ya Mbulu, mwili mwepesi, moyo uliozoea kupanda. Hadi leo amekuwa akipewa ubawa wa ndege mwingine, halafu analaumiwa kwa kutoruka.

Siku atakapopewa baiskeli ya sentimita zake, aachwe kwenye mstari mmoja na wenzake chini ya Mlima Magara. Akiachwa siku hiyo, sawa, mchezo ndivyo ulivyo, na kocha ataamua. Lakini kabla ya siku hiyo, yeyote anayesema hana kipaji hajamwona akicheza. Amemwona akivaa viatu vya mtu mwingine.